Kwa Nini Dawa ya Jino Letu ni Koleo Tu?



Naomba nafasi katika gazeti letu nizungumze na wanachama wenzangu habari ya meno. Najua wengine watacheka. Watasema mishahara haijapanda, nyumba hazitoshi, na huyu mtu wa njia analeta maneno ya meno. Wacheke, lakini wakimaliza kucheka kila mmoja apitishe ulimi kinywani ahesabu mapengo yake, kisha ajiulize kila pengo lilitokea namna gani. Katika genge letu tuliulizana hivyo wakati wa chai, watu kumi na mmoja, na hadithi ilikuwa moja. Jino liliuma, mtu akavumilia mpaka akashindwa kulala, akaenda kliniki, akapigwa sindano, jino likang'olewa, kesho yake akarudi kazini. Hakuna aliyeambiwa ya kwamba jino lile lingeweza kutengenezwa.

Neno langu kwa chama ni hili: mapatano yajayo na matajiri wetu yataje kwa jina matengenezo ya meno, yaani kuziba, kutibu mzizi na kuweka meno ya bandia, na yatoe ruhusa ya kwenda kutengenezewa. Maana sasa kinachotajwa ni matibabu kwa jumla, na jumla hiyo ikifika kwenye meno hugeuka kuwa koleo.

Tuelewane kwanza jino linavyoharibika. Juu lina gamba gumu, chini yake sehemu laini kuliko gamba, na katikati kabisa kiini chenye damu na mishipa ya fahamu. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hutoboa gamba polepole. Tundu likiwa bado kwenye gamba husikii kitu. Likifika sehemu ya pili unasikia ukali ukinywa maji baridi au chai tamu. Likifika kwenye kiini, ndipo usiku unakuwa mrefu, na ndipo wengi wetu huenda kwa daktari. Kutoka tundu dogo mpaka usiku ule huweza kupita miezi mingi, hata miaka, na kwa sehemu kubwa ya muda huo jino lilikuwa la kuzibwa kwa kikao kimoja.

Kuziba maana yake daktari anaondoa sehemu iliyooza na kujaza tundu. Zamani walijaza zaidi ule mchanganyiko wa madini unaoonekana mweusi kwenye magego ya wazee, ambao karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ni imara sana, lakini zebaki ni sumu, na mataifa yalipatana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuupunguza. Mwaka 2022 wakaongeza ya kwamba usitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15 wala kwa wanawake wenye mimba au wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima. Siku hizi wengi hujaza plastiki ngumu ya rangi ya jino, inayogandishwa kwa taa ya buluu. Iko pia simenti ya kioo, ambayo hushika jino lenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo.

Nataka nikae kidogo kwenye simenti hiyo, kwa sababu tumezoea kuambiwa ya kwamba kuziba ni kazi ya hospitali kubwa yenye mashine. Katikati ya miaka ya 1980, hapo jirani Tanzania, katika kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi mmoja jina lake Jo Frencken na wenzake walikuwa wakitibu watu mahali pasipokuwa na umeme. Walikwangua uozo kwa vyombo vya mkono, wakajaza tundu kwa simenti. Hakuna kekee, hakuna umeme, na mara nyingi hata sindano haikuhitajika. Baadaye simenti ya kioo ndiyo ikawa ya kutumiwa, na Shirika la Afya Duniani likaunga mkono njia hiyo mwaka 1994. Mwaka 2021 shirika hilo liliitia simenti ya kioo katika orodha yake ya dawa za lazima, orodha ile ile yenye dawa ya malaria na ya kifua kikuu. Njia hii hufaa hasa kwa tundu dogo la upande mmoja, haifai kwa kila tundu. Lakini tundu dogo ndilo kila mtu huanza nalo! Basi kliniki yenye meza, kiti, taa nzuri na mtu aliyefundishwa inaweza kuziba. Akisema tajiri ya kwamba kambini hapana umeme, tumjibu kwa habari hii.

Na jino ambalo tundu limeshafika kwenye kiini? Hilo nalo si lazima ling'olewe. Daktari hulitia ganzi, akalitoboa, akatoa kiini kilichooza, akasafisha njia za mizizi mpaka chini, kisha akazijaza na kuziba juu. Kinachojazwa ni utomvu mgumu wa mti wa nchi za Malaya, na wazee wa simu watafurahi kusikia ya kwamba utomvu huo huo ndio uliofunika nyaya za kwanza za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari. Jino lililotibiwa hivyo halisikii tena baridi wala moto, lakini linatafuna. Gego kwa kawaida huvishwa kofia ngumu juu ili lisipasuke. Kazi hii ni ya vikao viwili au vitatu na bei yake ni kubwa kuliko kuziba, sikatai. Ndiyo sababu tundu linatakiwa kuzibwa mapema.

Sasa tuje kwenye pengo. Sisi watu wa njia tunajua kinachotokea ukiondoa taruma moja na kuliacha pengo. Gari halianguki siku ile. Lakini uzito unakwenda kwa mataruma ya jirani, kokoto inalegea, na baada ya muda nyapara anauliza kwa nini reli imeinama. Kinywani ni karibu vivyo hivyo. Meno ya jirani hulalia pengo, jino la upande wa pili hushuka au kupanda kulitafuta lile lililoondoka, na mfupa wa taya mahali pale hupungua, kwa sababu mfupa hukaa kwa kazi ya jino.

Hata hivyo nisiwatishe watu. Si kila pengo la nyuma linataka jino jipya. Wataalamu wa Uholanzi walianza kuonyesha tangu mwanzo wa miaka ya 1980 ya kwamba mtu mzima mwenye meno 20 hivi yanayokutana vizuri hutafuna chakula chake bila shida kubwa, na uchunguzi uliofanywa baadaye kwa watu wa Tanzania ulikubaliana na hayo kwa sehemu kubwa. Mwenye kukosa gego moja la mwisho aache kulia. Ninayemfikiria mimi ni yule aliyekosa meno ya mbele, au aliyebaki na magego ya upande mmoja tu, anayemeza ugali bila kuutafuna na kuacha nyama kwenye sahani, akisema ameshiba.

Kwake ziko njia tatu. Ya kwanza ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yaliyoshikwa kwenye kibao cha plastiki chenye rangi ya ufizi. Hii ndiyo ya bei nafuu, haigusi meno mengine, na ndiyo ninayotaka chama kiidai. Huvuliwa usiku na kusafishwa, na yakilegea hurudishwa kwa daktari yarekebishwe. (Kuna mtu namjua aliyeyabandika kwa gundi ya kubandikia viatu. Jamani!) Njia ya pili ni daraja: meno mawili ya jirani huchongwa na kuvishwa kofia, na jino la bandia huning'inia katikati kama daraja la reli juu ya mto. Ni zuri na halivuliwi, lakini limechonga meno mazima mawili. Ya tatu ni jino la kupandikizwa, yaani skrubu ya madini ya titani hutiwa ndani ya mfupa wa taya, ikaachwa miezi mitatu, hata sita, mpaka mfupa uishike, kisha jino hufungwa juu yake. Msweden Per-Ingvar Brånemark aliona mwaka 1952, akichunguza mifupa ya sungura, ya kwamba mfupa hushikana na titani, na mwaka 1965 akamtengenezea mtu wa kwanza. Ni kazi ya ajabu, lakini katika hospitali za binafsi hapa kwetu jino moja la namna hiyo hupita shilingi laki moja. Wako wanachama wanaotaka tudai hilo kwa kila mtu. Mimi sikubaliani nao. Tukidai la laki moja kwa wote, tajiri atafurahi sana, kwa maana atapata sababu ya kukataa na yale ya elfu chache.

Sasa nieleze kwa nini tunang'olewa. Watu wa afya wakija kambini hutuambia tupige mswaki na tupunguze sukari. Ni kweli, na miraa na soda za zamu ya usiku zinatuharibu sana. Lakini mswaki hauzibi tundu lililokwisha kutoboka. Mtu mwenye tundu anahitaji fundi.

Sababu ya kwanza ni saa. Kung'oa ni safari moja, na mtu huenda akiwa na maumivu yanayoonekana hata na nyapara. Kuziba ni kwenda wakati huumwi. Jaribu basi kuomba ruhusa siku ya Jumanne ukisema, "Naenda kuzibwa jino ambalo haliumi." Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lakini yataka cheti cha daktari kwamba mtu huyo hawezi kufanya kazi. Mwenye tundu dogo anaweza kufanya kazi, anabeba taruma kama kawaida! Sheria inamngoja mpaka jino lioze ndipo impe siku, na siku hiyo anaitumia kung'olewa. Sioni kosa la watunga sheria hapo, kwa maana sheria huweka kiasi cha chini tu. Cha juu ni kazi ya mapatano ya chama.

Sababu ya pili ni maneno ya karatasi. Mahali nilipowahi kufanya kazi zamani, ambapo sitapataja, tulikuwa na bima ya matibabu na tuliisifu sana. Siku moja mwenzetu mmoja, kijana wa kuunganisha mabehewa, alipasuka jino la mbele. Alikwenda akitumaini litatengenezwa. Karani akamfungulia kitabu kidogo akamwonyesha: meno, kung'oa na dawa ya maumivu, mengine yote ni urembo. Urembo! Kijana akang'olewa, na tangu siku ile akicheka huweka mkono mdomoni. Aliomba nafasi ya kukata tikiti dirishani, akaambiwa nafasi hiyo inataka mtu wa kuonana na abiria. Neno moja la kitabu lilimnyima jino, na jino likamnyima cheo. Kwa hiyo nawasihi viongozi wetu, wakipewa bima isainiwe wasiishie kwenye ukurasa wa kwanza wenye picha ya familia inayotabasamu. Waende mpaka ukurasa wenye maandishi madogo.

Sababu ya tatu ni fedha. Tangu Oktoba 1, 2024, mishahara yetu hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii iliyochukua mahali pa ile ya zamani. Tajiri huikata na kuipeleka, lakini yeye haongezi chake juu yake. Basi akituambia mezani ya kwamba habari ya afya imekwisha kwa sababu ya makato hayo, tumkumbushe ya kwamba makato yote ni jasho letu.

Wako wanaosema ya kwamba meno si jambo la kupiganiwa na chama. Nawapa habari ya Uingereza, kwa maana huko ndiko wafanyakazi walikopigana juu ya meno mpaka serikali ikatikisika. Tarehe 5 Julai 1948 ulianza mpango wa matibabu bila malipo kwa watu wote, na meno yakiwa ndani yake. Waziri aliyeuanzisha, Aneurin Bevan, alikuwa mtoto wa mchimba makaa wa Wales na yeye mwenyewe alishuka shimoni akiwa kijana. Watu waliofika kutaka meno ya bandia walipita makadirio yote, kwa sababu walikuwa wamekaa na mapengo miaka na miaka. Mwaka 1951 serikali ya chama chake mwenyewe ilipotaka watu walipie nusu ya bei ya meno ya bandia na miwani, Bevan alijiuzulu uwaziri. Malipo yaliwekwa, lakini meno hayakutolewa katika mpango. Mwaka 1968, katika Uingereza na Wales, watu wazima 37 katika kila 100 hawakuwa na jino lao hata moja kinywani. Mwaka 2009 walikuwa 6 katika 100 kwa nchi hizo pamoja na Ireland ya Kaskazini. Dawa ya mswaki yenye floraidi ilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, lazima niseme kweli, na madaktari waliokuwa wakiziba badala ya kung'oa walifanya nyingine.

Nikitaja floraidi, ndugu zetu wa Nakuru, Elementaita na Naivasha wataniuliza juu ya meno ya rangi ya kahawa. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na mahali pengi kule maji yanauvuka. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanaumbwa hutoka na meno yenye madoa maisha yake yote. Huo si uchafu, na mkuu wa kazi anayemwambia mtu akapige mswaki anamtukana bure. Daktari anaweza kuyasugua kwa dawa au kuyafunika kwa ile plastiki ya rangi ya jino. Lakini zaidi ya yote, nyumba za wafanyakazi zinazotumia kisima maji yake yapimwe, ili watoto wasipate yaliyotupata sisi.

Liko jambo moja ambalo halingoji mapatano, nalo ni jino linalovunjika kazini. Spana ikiteleza, au mnyororo wa behewa ukikupiga usoni, Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 47, inamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu ya ajali hiyo, na matibabu ya meno yametajwa humo kwa jina. Hapo hata jino la kupandikizwa tulidai, kwa sababu jino zima limepotea katika kazi yake. Andikisha ajali siku hiyo hiyo, taja jino, usiseme tu ya kwamba mdomo ulichubuka. Na jino zima la mtu mzima likiruka nje lisitupwe! Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi wala kuusugua. Likiwa na mchanga lisuuze kidogo tu kwa maziwa au maji safi, lirudishe mahali pake uume kitambaa, au ulitie ndani ya maziwa, kisha mkimbilie daktari wa meno kabla ya saa moja kupita. Likiwahi, mara nyingi hushika tena. Jino lililofungwa kwenye leso kavu mpaka jioni hufa.

Mweka hazina wa tawi letu, ambaye namheshimu, ameniambia ya kwamba ukiomba mambo mengi mezani unapewa dogo kuliko yote, na kwamba yeye anataka mshahara kwanza. Nimemjibu ya kwamba shilingi mia tano za nyongeza hazimzibii mtu tundu kama hapewi saa mbili za kwenda kuzibwa, na saa mbili hizo hazimgharimu tajiri kitu kikubwa. Hatukukubaliana. Matawi sasa yanakusanya madai ya kupeleka makao makuu, nami nimeandika yangu kwenye karatasi ya tawi: uchunguzi wa meno mara moja kwa mwaka ndani ya saa za kazi, bila kukatwa, kuziba na kutibu mzizi kutajwe katika mapatano na katika bima, na neno urembo liondolewe hapo, meno ya bandia ya kuvaa kwa aliyepoteza ya mbele au asiyeweza kutafuna, na maji ya visima vya kambi yapimwe. Wamekwisha kutia sahihi watu tisa wa genge letu na dada wawili wa ofisi ya tikiti. Karatasi iko kwa katibu wa tawi mpaka mwisho wa mwezi.

Wenu katika chama,
Mtu wa Genge, Nakuru